Historia ya Mpendwa Wetu Ndoo, Mchezaji wa Ligi Kuu ya Kikapu

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Ndoo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1982, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya mabasi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1990, na hapo ndipo alipoujua mpira wa kikapu, kwenye uwanja wa saruji wenye goli moja lisilo na wavu, akaupenda hata mama akimtuma chumvi anarudi na mpira. Mwaka 1998, akiwa sekondari, aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba ndoo ya maji, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mfupa ukaunga kwa kupinda, na daktari akamwambia ashukuru kuweza kushika kalamu, mpira ausahau. Hakuusahau. Baba alimshonea mpira wa vitambaa, akautia mchanga kidogo ili mkono urudishe nguvu, wala hakumuuliza anaupeleka wapi.

Kukaba aliweza, aliganda kama kupe, lakini mtupo huru, ule ambao mchezaji aliyechezewa vibaya husimama peke yake mbele ya goli huku watu wote wakimtazama, ulimshinda kwa mkono mmoja, ndipo akaanza kuutupa kwa mikono miwili kutoka chini, katikati ya magoti, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo.

Februari 2004 alisajiliwa na timu ya ligi kuu, na katika mchezo wake wa kwanza jukwaa zima lilicheka, kijana mmoja akapaza sauti, "Dada, mwaga taratibu, utatulowesha," na tangu siku hiyo akaitwa Ndoo. Kocha alimsihi aache mtupo ule unaoitia timu aibu, naye akajibu kwa heshima, "Kocha, aibu haiandikwi ubaoni, zinaandikwa pointi," akaendelea kumwaga.

Tarehe 29 Novemba 2009, siku ya mwisho ya msimu, timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi moja, ikishindwa inashuka daraja, muda umekwisha, imebaki mitupo yake miwili tu. Mashabiki wa upande wa pili walisimama wakiigiza kumwaga maji, lakini nahodha wao, mwanamke mrefu aliyeitwa Twiga, aliwageukia watu wake mwenyewe, akaweka kidole mdomoni, wakanyamaza. Ndoo alimwaga wa kwanza, akamwaga wa pili, timu ikabaki ligi kuu, na Twiga ndiye aliyetangulia kumkumbatia.

Mwaka 2011 aliolewa na dereva wa lori, yule yule kijana wa jukwaani, ambaye alikwenda kujitambulisha nyumbani akiwa na ndoo mpya mkononi kuomba radhi, na mama yake kijana akasema kwamba kwa jina hilo la mkwe wake, kiu katika ukoo imekwisha. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Alipostaafu mwaka 2015 alifundisha wasichana wa klabu, hakumcheka yeyote kwa namna anavyotupa, aliuliza tu kama mpira umeingia. Agosti 2021 aligundulika na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu hospitali, na siku nyingine zote yuko uwanjani kwenye kiti cha plastiki, akifundisha.

Jumamosi iliyopita, akiwa wodini, alisikiliza kwa simu mchezo wa ligi kuu, ambamo msichana mmoja aliyefundishwa naye alisimama kutupa kwa mikono miwili kutoka chini. Ghafla simu ikawa kimya, akauliza kama imekatika, mumewe akamwambia, "Haijakatika, mama, mashabiki wamenyamaza wenyewe." Akatabasamu. Alifariki Jumatatu alfajiri, mumewe akiwa ameushika ule mkono uliopinda.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi aliyepasha viganja vyake moto kabla ya kumgusa, jirani aliyefua mashuka bila kuombwa, madereva waliomshikia mumewe zamu, klabu nzima, na Twiga, aliyekuja kila Ijumaa kumsuka nywele.

Umebeba vya kutosha, dada yetu, na hukumwaga bure hata tone. Tua ndoo sasa, pumzika kwa amani.