Mzee Futi na Kitanda Kilichochelewa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mzee Futi anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kutetea haki za wateja kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo aliimaliza kwenye dawati moja, la vitu vya oda: magauni, milango, meno ya bandia, viatu vya miguu isiyolingana. Jina alilipata kutokana na futi ya kupimia aliyoivaa shingoni hata kwenye vikao vya mkurugenzi.

Alipoajiriwa, mafundi walikuwa na jibu moja tu: kitu cha oda hakirudishwi. Makarani wa hapa nao waliwaambia wateja hivyo hivyo, mchezo ukaishia hapo. Yeye ndiye aliyetufungua macho. Aliyeagiza pazia jekundu kisha akatamani la kijani, hana dai. Lakini aliyeshonewa pazia fupi kuliko vipimo alivyotoa ana haki: lirekebishwe, lishonwe upya, au arudishiwe chake. Maelezo hayo aliyabandika ukutani kwa mkono wake, na mpaka leo yapo.

Vituko havikukosekana. Kuna fundi cherehani aliyeshona gauni la harusi lenye mkono mmoja mrefu, akashikilia kwamba mwenye kasoro ni bibi harusi. Mzee Futi hakubishana. Alimpima bibi harusi mikono yote miwili mbele ya foleni nzima, kisha akampima na fundi. Ya fundi ndiyo iliyopitana urefu. Tulicheka hadi mbavu zikauma, na fundi mwenyewe akaenda kufumua huku akicheka.

Ningependa kuishia kwenye vicheko, ila nitakuwa nawadanganya.

Miaka sita iliyopita mkewe aliugua mapafu. Akilala chali alikosa pumzi, na chumba chao ni chembamba, kwa hiyo Mzee aliagiza kitanda cha vipimo maalumu, chenye upande wa kichwa unaoinuka. Siku ya pili bawaba ziling'oka, ule upande ukagoma kusimama. Fundi seremala akamjibu lile lile la zamani. Neno moja la Mzee Futi lingetosha kumtisha, nani asiyemjua? Badala yake alichukua namba, akapanga foleni na wateja wengine, akajaza fomu na kuniletea mimi, kwa kuwa mtumishi hashughulikii kesi yake mwenyewe. Hapa kwetu hakuna mlango wa nyuma. Ndivyo alivyotufundisha.

Faili lake lilikuwa la ishirini na saba, nikayafuata yote kwa zamu. Fundi nilimpa siku zake kumi na nne za kujibu. Alijibu siku ya kumi na tatu. Kila asubuhi nilimuuliza Mzee hali ya mama, naye alinijibu kwamba anaendelea. Sikuuliza anaendeleaje, wala analala wapi. Msibani ndipo binti yao aliponieleza: wiki tano mama alilala ameketi kwenye kiti cha sebuleni, amezungushiwa mito.

Kesi alishinda. Kitanda kipya kilifika siku nane baada ya mazishi, nami nikampelekea fomu ya kupokelea. Aliinua upande wa kichwa, akaushusha, akauinua tena, akazikandamiza bawaba kwa kiganja, akatia sahihi. Kwenye nafasi ya maoni ya mteja aliandika kwamba hana malalamiko. Nilitoka nje nikalia njia nzima.

Wiki iliyofuata alileta pendekezo la ukurasa mmoja: vitu vya wagonjwa visikae foleni, na fundi ajibu ndani ya siku mbili. Hakutaja kitanda. Tangu hapo watu wengi wamepata magongo na viti vyao vya magurudumu kwa wakati, bila kujua wamshukuru nani.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa subira na kwa utani. Wenzako wote tunakutakia afya njema na siku ndefu zenye amani pamoja na binti yako na wajukuu.

Mimi nina langu la ziada. Siku zile simu ilikuwa mezani kwangu, kando ya faili lako, na fundi yule angeitikia. Sikupiga. Miaka sita umenisalimia kwa tabasamu, nami nimeshindwa kukwambia tukiwa wawili. Nakwambia leo mbele ya wote: nisamehe, baba.