Jina la Mgonjwa

Januari 2008, vita vya kikabila vya baada ya uchaguzi vikiendelea, nilipanga foleni ya maji mtaani kwetu Lindi nyuma ya Kamene, mwanafunzi wa unesi, na mama mmoja muuza samaki. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana.

"Jana walileta kijana kanisani tunakotibu majeruhi, amekatwa panga mkononi," Kamene alisema. "Nikamuuliza jina, vile tulifunzwa. Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, damu inamwagika."

"Sasa angekwambia aje? Siku hizi jina linaua," mama alisema.

Kila mtu kwenye foleni alikuwa na jina lililoonyesha kabila lake.

"Bila jina, mama, unaweza kumpa mtu dawa ya mwingine."

"Kwa hivyo ulimwacha aende?"

"La. Nilinawa, nikavaa glavu, nikabana kidonda na kitambaa safi mpaka damu ikakoma. Nikamfunga bendeji. Sikuuliza tena."

"Basi ulifanya vizuri."

"Vizuri wapi? Alihitaji sindano ya tetanasi, na sikuwa nayo. Leo nimeipata. Watu wanasema alielekea mtaa wa Gatwekera. Nikifika huko nitamwulizia kwa jina gani?"

Mama alifungua mdomo kumjibu, lakini mfereji ulikohoa, maji yakaja, na sote tukasukumana mbele na mitungi yetu.