Tulipopokezana Dawa

Wenzangu wa kikundi, hamjambo. Maneno yangu hutoka polepole siku hizi, kwa hivyo mnivumilie. Majina ya watu sitataja.

Natoka upande wa Shianda. Mume wangu hukata miwa, mimi huuza mboga sokoni. Yeye alianza kuambiwa ana sukari, baadaye mimi nikapatikana na presha. Hatukushtuka. Ugonjwa tuliozoea ni malaria: mtoto akichemka mwili unampeleka dispensari, anapimwa, anapewa dawa bila malipo, na baada ya siku chache anacheza. Hata kidonda husafishwa mara kadhaa kikapona. Magonjwa yetu sisi hayana kupona. Dawa zikiisha pale dispensari, tulitumwa kemisti, na kemisti hakopeshi mtu.

Siku moja mume wangu aliweka pesa mezani. Hazikutosha wawili.

"Mama, nunua zako," akaniambia. "Mimi najisikia sawa."

"Wewe ndiye unashinda na panga kwa jua. Nunua zako."

Tukabishana kwa upole, mwisho tukakubaliana kupokezana: mwezi huu yeye, mwezi ujao mimi. Tuliona tumefanya jambo la busara.

Ndugu zangu, nawaambia, presha haipigi hodi. Miezi ambayo sikumeza dawa sikusikia chochote, hata kichwa hakikuuma. Tukiulizwa kliniki kama tunameza, tulijibu ndiyo. Daktari wetu ni msichana wa umri wa binti yangu. Niliona haya kumwambia hatuna pesa.

Asubuhi moja nilikuwa nachuma mboga ya mrenda shambani, kikapu kikaniponyoka. Nikainama kukiokota, mkono wa kulia ukakataa. Nikamwita mume wangu, lakini maneno yalitoka yamevurugika. Alifikiri natania. Aliposogea akaona mdomo wangu umeenda upande, akapiga yowe. Jirani akaja na pikipiki, wakanibeba katikati yao mpaka hospitali.

Nililazwa muda mrefu. Ng'ombe wetu wa maziwa ndiye alilipa kitanda. Pesa zake zingetununulia dawa sote wawili kwa miaka. Sisemi kwa uchungu, ndivyo ilivyokuwa.

Nilipotoka tukarudi dispensari. Daktari akamgeukia mume wangu, kwa sababu mimi sikuwa nasikika vizuri.

"Mzee, mama alikuwa anameza dawa kila siku?"

Akasema, "Daktari, tulikuwa tunamezanga kwa zamu. Mwezi wake, mwezi wangu."

Nilingoja atugombeze. Hakutugombeza. Aliweka kalamu chini.

"Mbona hamkuniambia? Kuna dawa nyingine ya presha, bei yake iko chini sana, na ingekufaa, mama. Ningekubadilishia siku hiyo hiyo."

Hapo ndipo nililia. Hospitalini sikuwa nimelia hata mara moja.

Akanibadilishia. Ya mume wangu akaiangalia pia, akapata namna ya kuipunguza bei. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu alikuja nyumbani wiki baada ya wiki, akinifundisha kukamua kitambaa chenye maji mpaka vidole vikaanza kutii. Majirani walinipikia obusuma, ugali wetu, nilipokuwa siwezi kushika mwiko. Na nyinyi mlikubali tuchange kidogo kidogo, ili dispensari ikikosa dawa, asiwepo wa kukaa bila. Wote hao, pamoja na nyinyi, nawashukuru. Namshukuru Mungu pia.

Ninalowaomba ni moja. Ukiandikiwa dawa, usiinuke kwenye kile kiti kabla ya kuuliza bei. Ikikushinda, sema imenishinda. Daktari hawezi kuona mfuko wako.

Mimi nilinyamaza. Leo nachuma mboga, napika, nauza. Lakini vifungo vya blauzi hii hunifungia mume wangu, kila asubuhi, tukishameza dawa zetu sote wawili.