Chumba cha Mlezi

Bibi mshona mashuka alifumba macho kama anayesinzia, maana ndani ya basi sikio hula vizuri jicho likilala. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mwenye mvi, aliyekuwa mlezi wa bweni kongwe la chuo miaka thelathini, alikuwa amegundua kwamba jirani yake ni fundi mwashi anayeligeuza bweni hilo kuwa mahali pa wahitimu wa zamani kukutana.

“Na chumba changu, baba, mnakifanya nini?”

Fundi alikohoa. “Choo, mama.”

“Choo! Humo nimewashonea watoto wa watu vifungo kila asubuhi ya mtihani, leo mniwekee choo?”

“Mama yangu, ramani si yangu. Halafu hao wanao wamezeeka. Kikombe kimoja cha chai, wanaulizia choo kabla ya kuulizana hali.”

Bibi wa nyuma alibana kicheko kwenye mtandio. Yeye mwenyewe, kwa haja hiyo hiyo, alikuwa akihesabu vituo.

“Wakifika watakuja kwangu kwanza,” alisema mlezi. “Watagonga mlango ule ule.”

“Nao watajibiwa, ‘Kuna mtu!’”

Mlezi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha kicheko kikaisha naye bado anafuta. Fundi akainamia viatu vyake. “Mabomba hatujaingiza,” alisema taratibu.

“Chini ya ngazi pana stoo ya mafagio. Choo kitaenea humo.”

“Mwenye ramani atanifukuza, mama.”

“Twende wote, anifukuze na mimi.”

Basi likasimama chuoni. Mlezi alitangulia kushuka, na fundi akamfuata, mkoba wa mama begani, ramani kwapani, bado akibisha.