Kaka Yetu, Mwenye Magitaa Thelathini na Moja

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza kaka yetu, historia hii inasomwa na mdogo wake, mpiga gitaa la rithimu, ambaye familia nzima inajua kwamba yeye na marehemu hawakupikika chungu kimoja, na anaisoma kwa sababu shemeji, mjane wa marehemu, ameamua hivyo, akisema wengine wote watamsifu mpaka tushindwe kujua anazikwa nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha kibanda cha fundi viatu, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na fundi huyo ndiye baba yetu, aliyeshona soli mchana na kupiga gitaa ukumbini jioni. Alianza shule ya msingi Januari 1956, akamaliza sekondari Novemba 1967, na walimu walimkumbuka kwa penseli, maana alikuwa nazo nyingi kuliko darasa zima, amezipanga kwa rangi, hazijachongwa, wala hakumwazima mtu.

Tarehe 2 Juni 1969 aliajiriwa kuwa mtunza bohari katika karakana ya reli, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano bila kupoteza hata skrubu moja, jambo ambalo mdogo wake analikiri kwa sababu ni kweli. Huko ndiko alikojifunza kwamba kitu kikiwa rafuni kiko salama na kikiwa mkononi mwa mtu kimeanza kuharibika, na ugonjwa huo, maana ulikuwa ugonjwa, akaja nao nyumbani. Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, mkunga, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1977 na mwaka 1980, ambao walilala kitanda kimoja kwenye korido hadi walipoolewa, kwa kuwa chumba chenye madirisha mawili kilikuwa cha magitaa.

Magitaa hayo aliyapata bendi zilipokuwa zikivunjika, yakafika thelathini na moja, yote ya zamani, yote yamefungiwa kwenye kabati za vioo pamoja na kipimo cha unyevu, na yeye mwenyewe hakujua kupiga hata moja. Wanamuziki waliokuja kuyaona waliambiwa kwanza wavue pete na mikanda, eti chuma cha mkanda hukwaruza mgongo wa gitaa, na mpiga solo mmoja, mzee wa watu, alilitazama gitaa lake mwenyewe kupitia kioo huku ameshikilia suruali kwa mikono miwili. Siku hiyo mdogo wake aliondoka bila kuaga.

Baba alifariki tarehe 30 Septemba 1981, mdogo wa marehemu akiwa safarini na bendi, na aliporudi alikuta gitaa la baba limeshafungiwa kabatini, ingawa baba alikuwa akimwambia kila mwenye masikio kwamba chombo ni cha anayekipiga. Marehemu alisema analishika tu. Gitaa lile baba alilitia mkono wake, kipande kinachozibeba nyuzi juu ya shingo alikichonga kwa mfupa wa ng'ombe, akikisugua kwa tupa ya viatu, na pale kiwiko kilipokula mbao akagundisha ngozi ya soli, ndiyo maana lilikuwa na sauti nzito, ya kukoroma kidogo, ambayo hakuna gitaa jingine duniani lililokuwa nayo.

Basi Mei 1998 wakusanyaji wenzake, baadhi yao wako hapa safu ya pili, walimwambia gitaa hilo lina viraka vya fundi viatu na halihesabiki mpaka lirudishwe katika uasilia wake. Akawasikiliza. Akampa fundi wa magitaa, ngozi ikabanduliwa, mfupa ukatupwa, vanishi mpya ikapakwa, likarudi linang'aa kama siku lilipotoka kiwandani, kabla baba hajaligusa. Mdogo wake alipopiga uzi mmoja tu alijua, akamwambia marehemu kwamba baba amekufa mara ya pili na safari hii muuaji anajulikana, na kumweleza zaidi kukawa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Wakakaa miaka ishirini bila salamu, mitaa miwili tu katikati yao.

Januari 2019 marehemu alipatwa na kiharusi, na tarehe 3 Februari akalazwa wodi namba nne. Tarehe 21, saa kumi jioni, alimtuma binti yake mkubwa alete gitaa la baba na amlete baba yake mdogo, na kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii akaomba apigiwe wimbo mmoja, wowote, hakuchagua. Mdogo wake aliingiza mikono mifukoni, akamwambia alitazame, si ndiyo kazi yake. Marehemu akalitazama. Alifariki tarehe 23 Februari, saa tano na robo asubuhi, na mdogo wake hajalala vizuri tangu hapo, nalo hilo familia iliona lisomwe pia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani walioleta viti bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa karakana ya reli. Wakusanyaji wanashukuriwa kwa maua, ila kufa kufaana kusubiri tuzike kwanza, kwani wameshauliza funguo za kabati mara tatu, na mmoja ameonya kwamba gitaa la baba likitolewa juani vanishi itapasuka. Ipasuke. Litapigwa makaburini leo, tarehe 25 Februari, na mdogo wake, wimbo mzima, litalia kama gitaa lolote la dukani, na asiyetaka kuona akae kwenye gari.

Kaka, nimechelewa siku nne. Pumzika, na amani uipate mapema, kabla sijafika, maana tukikutana tutaendelea pale pale tulipoachia.