Mwalimu Nionyeshe Mstari na Darasa Lake la Ufahamu

Ndugu, majirani na wanafunzi wake wote mliofika, mtuvumilie, anayewasomea ni kitinda mimba wake, ana mtoto mgongoni, na wakubwa zake wamemsukumia karatasi hii.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, binti wa fundi viatu, akamaliza sekondari mwaka 1979 na chuo cha ualimu mwaka 1982, akafundisha hadi kustaafu, na jioni akawanoa watahiniwa wa mitihani ya kuingia vyuoni katika chumba chetu cha nyuma, mabenchi manne na ubao uliopauka. Aliwafundisha kusoma maswali kwanza ndipo wasome habari, kukifupisha kila kifungu pembeni kwa maneno machache, kulishuku jibu lenye "daima" au "kamwe", na zaidi ya yote kujibu kwa yaliyoandikwa, si kwa wanayoyajua, hata mfuga nyuki mmoja aliyekosa maswali yote ya habari ya nyuki, akanuna kwamba mwandishi hajui nyuki, aliambiwa, "Mwanangu, nyuki ni wako, habari ni yake, nionyeshe mstari," na jina la Nionyeshe Mstari likamganda mwalimu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na baba yetu, mpiga chapa, ambaye alikuwa amechapa mtihani wa majaribio akaruka mstari mmoja, darasa zima likajibu swali la mstari huo usiokuwapo bila wasiwasi, mwalimu peke yake akaenda kiwandani kuudai, na baba hadi leo husema mtu alifuata mstari akaondoka na mume. Walijaliwa watoto watatu na mjukuu mmoja.

Mwezi Aprili 2023 aligundulika na uvimbe tumboni, kitinda mimba akaisoma ripoti ya daktari akaona kifo kila mahali, akalia wodini mbele za watu, mama akamwambia, "Soma tena, mama, wameandika wapi kwamba nakufa kesho? Unasoma hofu yako, husomi habari." Hapakuandikwa, paliandikwa dawa na kliniki, akaishi hadi kumpakata mjukuu, na kitandani hapo hapo akamfundisha binti huyu, aliyekwisha kuukimbia mara mbili mtihani wa chuo cha uuguzi.

Alituacha Jumanne tarehe 20 Agosti 2024, na mtihani ni Jumatatu, wako waliomwambia binti huyu kwa nia njema aahirishe, huna kichwa cha kusoma sasa, naye alikaribia kukubali, lakini hakuna mahali marehemu alipoacha neno la kuahirisha, basi atakwenda, mtoto atabaki kwa shangazi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliovumilia kuulizwa mstari kwa kila kidonge, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliobeba madarasa yake ya jioni alipougua.

Pumzika kwa amani, mama, matokeo yakitoka binti yako atakuja hapa kaburini kukuambia, yawe mazuri yawe mabaya, na kabla yako hatamwambia mtu mwingine.