Mama Kiti na Kura Iliyorudiwa

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, saa nane mchana, Spika wetu atashuka kitini kwa mara ya mwisho. Ametumikia Bunge hili miaka thelathini na mitatu. Alianza akiwa mpiga chapa wa taarifa rasmi, akawa Katibu Mezani, na miaka kumi na minne ya mwisho amekuwa Spika. Kamati ya jarida hili la wafanyakazi ilitafuta msomi wa kumwandikia wasifu, na wasomi wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi. Ndipo kalamu ikaniangukia mimi, mpambe wa Bunge, mbeba siwa, niliyeishia darasa la saba na la nane nikaliona dirishani tu.

Sijisifu, lakini ukitaka kumjua Spika muulize anayemtangulia. Kila asubuhi ya kikao nimekuwa mbele yake na lile rungu la heshima begani. Nimefika nalo miji kumi na tisa ya nchi za watu, nikawaona wapambe wenzangu wenye soksi ndefu na vifungo vya dhahabu, na hakuna aliyenizidi mwendo. Huko mbele nasikia asichokisikia mtu mwingine, nayo ni pumzi yake. Mama Kiti, kama tunavyomwita jikoni na koridoni, ni mwoga. Kabla ya mlango kufunguliwa hupumua kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa ya tano, na vidole vyake hukunja ukingo wa joho. Mlango ukifunguka, pumzi inatulia. Waheshimiwa walidhani wanatazama simba.

Watu hufikiri kazi ya Spika ni kugonga meza na kusema kimya. Mama Kiti alikuwa hachangii hoja, hashangilii wala hanuni. Alitoa nafasi upande huu kisha upande ule, na mbunge mgeni wa kiti cha nyuma aliyesimama kwa hofu ndiye aliyemwona wa kwanza. Kuna mheshimiwa aliomba mwongozo wa Kiti, akaanza kuwasalimia wapiga kura wake mpaka mashemeji. Mama Kiti akamuuliza kwa upole kama mwongozo anaoutaka ni wa Kanuni au ni wa njia ya kurudi kwao.

Tena tunaye mheshimiwa tuliyemwita Bwana Mapafu. Wanaoafiki wakiulizwa, yeye peke yake anaitikia ndiyo ya watu arobaini. Maspika waliotangulia walidanganyika naye mara nyingi. Mama Kiti aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akatazama midomo. Akiwa na shaka aliamuru kura ya majina: kengele zinalia dakika nane, milango inafungwa, Katibu anaita mmoja mmoja. Jina likishaitwa, hakuna wa kujificha nyuma ya mapafu ya mwenzake.

Sasa niandike la mwaka juzi, ingawa mkono haupendi.

Uliletwa muswada wa kuwaruhusu askari kumweka mtu ndani siku tisini bila kumfikisha mahakamani. Sheria ilikuwa haijapita, lakini watu walikuwa wameshaanza kuchukuliwa, kana kwamba sheria ingewafuata baadaye kuwabariki. Jumatatu alichukuliwa fundi redio mmoja, mtoto wa mdogo wake Mama Kiti. Ilipofika Alhamisi, siku ya kura, koridoni walisimama wanaume waliovaa suti ambao mimi, ninayemjua hadi paka wa Bunge, sikuwajua. Waheshimiwa walizungumza habari za mvua kwa sauti kubwa. Jikoni walituambia vikombe vilirudi na chai yake.

Wasioijua kazi yetu waelewe jambo moja. Bunge likiwa kamili, siwa hulala juu ya meza. Likigeuka Kamati ili kupitia muswada kifungu kwa kifungu, siwa hushushwa kwenye vishikio vya chini, na Spika huteremka kwenye kiti kidogo. Kazi ya Kamati ikiisha, Spika anapanda, nami naipandisha siwa. Ikibaki chini, Bunge halijarejea, na lolote linaloamuliwa ni maneno ya barazani.

Siku ile Kamati ilimaliza, Mama Kiti akapanda. Mimi nilikuwa mlangoni, na mmoja wa wale wenye suti alikuwa ananitabasamia. Aliniuliza binti yangu hajambo, akaitaja shule anayofundisha na darasa lake. Nikaganda kama nguzo. Siwa ikabaki chini.

Kura ya majina ikapigwa. Waliokuwa na kalamu walihesabu wenyewe: hapana sabini na moja, ndiyo sitini na tisa. Muswada umeanguka. Upande mmoja ulivuta pumzi kama watu waliotolewa majini. Katibu akapeleka karatasi, Mama Kiti akaishika ili aisome, na macho yake yakashuka mezani. Meza ilikuwa tupu. Akanitazama.

Hakuna mwingine aliyegundua. Mpwa wake alikuwa ndani siku ya nne, na karatasi ya kura ambayo ingemtoa ilikuwa mkononi mwa Mama Kiti. Mimi, mlinzi wa siwa, nilimtikisia kichwa kidogo kumwambia soma tu, Mama, soma yaishe. Sina fahari na kichwa kile.

Akaiweka karatasi chini. Akasema, "Waheshimiwa, siwa iko chini. Bunge halikuwa limerejea, kwa hiyo hiyo si kura. Kosa ni la Kiti. Itarudiwa."

Waliokuwa wameshinda walimwita msaliti, na mmoja akamuuliza amelipwa na nani. Waliokuwa wameshindwa walimshangilia, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Nikaipandisha siwa. Kengele zikalia na milango ikawa wazi kwa dakika nane, nao wenye suti wakaingia kazini, sikio kwa sikio. Nimevuka bahari kwa ndege iliyozimika injini moja, na haikunitisha kama dakika zile. Milango ilipofungwa, mheshimiwa mmoja wa kiti cha nyuma, aliyekuwa amekataa, alirudi akitazama viatu vyake. Jina lake lilipoitwa alisema ndiyo kwa sauti ndogo hata Katibu akamwomba arudie. Ikawa sabini kwa sabini.

Kura ya kuamua ikawa ya Kiti. Kwanza Mama Kiti aliliambia Bunge kwamba mtoto wa mdogo wake ni mmoja wa waliokamatwa, watu wajue anayeamua ni nani. Kisha akawakumbusha muswada wa likizo ya uzazi, ambao kila mtu alijua anaupenda, na uliofungana hivyohivyo mikononi mwake miaka sita nyuma.

"Siku ile niliuacha uanguke," akasema. "Kura ya Kiti haitengenezi wengi ambao hawapo. Bunge likigawanyika sawasawa, sheria inabaki ilivyo. Muswada haukupita."

Akaahirisha kikao. Tukatoka kama kawaida, mimi mbele, yeye nyuma, na wale wanaume wamejipanga pande zote mbili za koridoni. Pumzi nyuma yangu haikutulia. Miguu yangu ikaanza kukimbia bila ruhusa yangu.

"Mdogo wangu," akaniambia chinichini, "punguza mwendo. Tukikimbia watajua koridoni ni kwao."

Nikapunguza. Hatua sitini na mbili, nilizihesabu.

Nje tulikuta matairi ya gari lake yamekatwa, yote manne. Mpwa wake alitoka baada ya siku kumi na moja, na hadi leo hakai chumba kilichofungwa mlango. Taarifa rasmi ya kikao kile inasema kosa lilikuwa la Kiti. Nilimpelekea barua ya kuacha kazi; akasahihisha tahajia yake kwa kalamu nyekundu, akanirudishia. Basi naandika hapa, mbele ya wafanyakazi wote: kosa lilikuwa langu.

Ningependa kumaliza kwa kicheko, lakini orodha ya shughuli za Agosti imeshabandikwa ubaoni. Muswada ule umerudi, una jalada jipya na siku zilezile tisini. Atakayeketi kitini bado hatumjui. Jikoni wanaogopa, makatibu wanaogopa, na mbeba siwa anaogopa kuliko wote. Angalau tumefundishwa na mwoga hodari kwamba hofu haizuii mtu kufuata utaratibu.

Asante, Mama, kwa miaka yote, na kwa ile barua. Tunakuombea uzee mtamu, usingizi mzito, wajukuu watundu na simu isiyoleta habari mbaya. Agosti tutaenda mwendo uliotufundisha, polepole, na siwa itakuwa juu.